Kinu cha upepo cha marehemu baba, Rumuruti: mkia, kofia na mapanga 7 havipo

Binti_Laikipia

Habari zenu wakulima na mafundi. Naomba msaada wa mtu aliyewahi kupanda kinu cha upepo cha zamani akakifungua kwa mikono yake.

Baba alinunua hisa kwenye kampuni ya kununua mashamba miaka ya 1970. Tulipogawiwa ekari zetu, kinu cha yule mzungu aliyetangulia kikaangukia ndani ya mpaka wetu. Nimekua nikikisikia usiku, chuma kikipanda na kushuka, halafu maji yakimwagika tangini. Nikiwa darasa la sita kilianza kulia kama mbwa aliyekanyagwa, baba akapanda akalifunga gurudumu kwa mnyororo. Halijafunguliwa tangu siku hiyo.

Baba alituacha mwaka jana na sasa shamba nalishika mimi. Nina ng'ombe 14 na mbuzi, na maji nanunua ya bowza. Kisima chenyewe hakijakauka: nimeteremsha jiwe kwa kamba, maji yako futi 90.

Mnara ni wa miguu minne, kama futi 40, na ni imara isipokuwa vipago viwili vya ngazi vimeliwa na kutu. Gurudumu ni la futi 8. Mapanga yanatakiwa 18, yamebaki 11. Mkia wote umeenda pamoja na springi yake. Wezi wa vyuma chakavu walikuja baba akiwa amelazwa. Kofia ya bati inayofunika gia haipo, na humo ndani wamehamia nyuki. Waya wa kukisimamisha kinu kutoka chini umekatika. Pampu iliyo kisimani sijaigusa.

Kuna fundi alikuja akasema tukate bati la kuezekea, tujazie mapanga, tufungue mnyororo kizunguke. Moyo wangu umekataa. Nianzie wapi?

Fundi_Kisima

Dada, pole sana kwa msiba wa mzee. Na moyo wako umekataa kwa haki. Huo mnyororo usiufungue.

Nimefanya kazi ya visima upande wa Nanyuki na Isiolo kwa miaka mingi, na vinu vingi nilivyovikuta vimekufa viliuawa na ukavu, wala si upepo. Kwenye vinu vya aina hiyo gia zinaogelea ndani ya oili. Gia kubwa inajitumbukiza chini, inaibeba oili juu, nayo inatiririka mpaka kwenye shafti ya gurudumu na kurudi. Kofia ikiondoka, mvua inaingia, maji yanakaa chini kwa sababu ni mazito, oili inaelea na kumwagika. Ule mlio uliousikia ukiwa mtoto ulikuwa chuma juu ya chuma.

Kwa hiyo anza na sanduku la gia. Watoe nyuki, safisha kwa dizeli na brashi, utazame. Utakuta gia mbili kubwa, mbili ndogo, na mikono miwili inayosukuma rodi, ile fimbo ya chuma inayoshuka mpaka kwenye pampu. Pitisha kidole kwenye meno. Jino lililochongoka kama kisu limekwisha. Halafu shika gurudumu kwa mikono miwili ulinyanyue juu na chini. Likicheza, ile metali laini inayoshika shafti imelika, nayo inamiminwa upya. Tafuta pia maandishi kwenye chuma chenyewe, huwa yamefinyangwa humo tangu kiwandani.

Mapanga si kazi ngumu, ila bati la kuezekea ni jembamba, upepo mkali mmoja tu utalikunja. Teremsha panga moja zima, lipime unene, nunua bati la zinki la unene huo huo. Toboa matundu kabla ya kukunja. Chonga kalibu ya mti yenye mviringo wa lile panga la zamani, ugonge bati juu yake taratibu kwa nyundo ya mpira. Mapya yasikae upande mmoja, yagawe kuzunguka gurudumu, la sivyo litapiga mnara.

Sasa sikia hili la mkia. Gurudumu halikai katikati ya mnara, limesogezwa pembeni kidogo makusudi. Upepo ukizidi unalisukuma ligeuke lifuate mkia, nguvu ipungue. Kinacholizuia lisigeuke mapema ni ile springi. Ukifunga springi ya gari kwa kuwa ndiyo uliyoipata, gurudumu litakaa limekabili dhoruba mpaka livunjike. Nimeona gurudumu zima chini, limekunjika kama mwavuli. Springi iwe yake yenyewe.

Na usipande siku ya upepo, hata kama ni mwanana.

Mkenya_Texas

Dada, kwa namba ulizotaja nadhani hicho ni Aermotor. Angalia kama kuna A702 kwenye chuma. Kampuni ilianza Chicago mwaka 1888, siku hizi iko San Angelo, hapa Texas, na muundo wa 702 umekuwa ukitengenezwa tangu 1933, kwa hiyo kofia na springi bado vinauzwa vipya. Mapanga na mkia tengeneza huko huko, ni mzigo mkubwa kwa bure. Ukipata namba niandikie ndani, nina binamu anayekuja Desemba.

Mfugaji_Kajiado

Dada yangu, kwa nini usiweke sola tu? Pampu ya sola unaifunga siku moja na hupandi popote.

Binti_Laikipia

@Mfugaji_Kajiado asante kaka, nimeifikiria. Lakini jirani ameibiwa paneli mara mbili mwaka huu, na upepo wetu hapa unavuma hata usiku, tangi linajaa nikiwa nimelala. Na kinu hiki baba alikipaka oili kila mwaka kabla ya mvua za Aprili, mpaka magoti yalipomkataza kupanda. Siwezi kukiuza kama chuma.

@Fundi_Kisima nimefanya ulivyosema. Mrina asali alikuja jioni, akawafukiza nyuki na kuwahamishia mzingani. Tumekula asali wiki nzima. Chini ya masega palikuwa na tope jeusi kama ugali wa mtama, na maji kikombe kizima. Nimesafisha siku mbili. Meno ya gia ni mazuri kuliko nilivyoogopa, isipokuwa gia moja ndogo ina meno mawili yaliyochongoka. Gurudumu linacheza kiasi cha unene wa shilingi.

@Mkenya_Texas ni A702! Nimeisugua kwa msasa mpaka ikaonekana, nikalia huko huko juu. Nimekutumia orodha: kofia, springi, gia ndogo mbili.

Mapanga tumeanza, manne yako tayari. Pampu tumeivuta Jumamosi watu sita. Silinda ni ya inchi 2, shaba yake inang'aa ndani, ila vile vikombe vya ngozi vinavyoinua maji humo ndani vimekauka vikapasuka. Kuna mshona viatu mjini amesema atanikatia vingine vya ngozi ya ng'ombe nikimpelekea kimoja cha mfano. Je, fundi, nivilowanishe kwenye mafuta au kwenye maji kabla ya kuvirudisha?

Fundi_Kisima

Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, usiku mmoja, yawe vuguvugu tu, yasichemke. Mwambie huyo mshona viatu achague ngozi ya mgongoni, ya tumbo inalegea. Gia ndogo zibadilishe zote mbili pamoja. Na mnyororo ubaki pale pale mpaka Desemba.