Asilimia 10 ya halmashauri: inapunguza pengo au inalifuata?

Ndugu zangu, tukijadili kazi ya serikali katika kupunguza pengo la walionacho na wasionacho hapa Tanzania, hatuchelewi kufika kwenye mikopo ya asilimia 10. Kwa asiyeijua: sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuyakopesha bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 baada ya kelele za vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi 2024.

Wengi wanabishana kuhusu wizi. Wana haki, lakini mimi naona kasoro iko kwenye mpango wenyewe, hata kama kila senti ingefika.

Mapato ya ndani ya halmashauri hutoka wapi? Jiji la Dar es Salaam lina Kariakoo, mabenki, makao makuu ya makampuni, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo yao. Halmashauri ya vijijini kule Kigoma inategemea ushuru wa mazao na wa mnada, maana yake inamtoza mkulima yule yule inayetaka kumkopesha. Asilimia ni ile ile, fungu si lile lile. Penye fedha panatengwa nyingi, pasipo nazo panatengwa za kugombania.

Halafu tazama njia ya kuzipata. Wanawake watano wanaotaka mashine ya kusaga mihogo watahitaji katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Benki iko mjini wilayani, nauli ya kwenda na kurudi ni mauzo ya siku nzima, na andiko anaandikiwa mtu kwa malipo. Anayefika mwisho wa safari hiyo mara nyingi ni yule ambaye tayari alikuwa na pa kuanzia.

Napendekeza sehemu ya asilimia 10 ya halmashauri tajiri iingie mfuko mmoja wa taifa, igawiwe kwa kuangalia umaskini wa wilaya. Najua jibu la watu wa Kinondoni, Dar es Salaam: kwetu kuna Masaki ya matajiri, lakini kuna Tandale ya wasionacho pia. Ni kweli, ndiyo maana nasema sehemu, si zote. Wanaosema serikali ikae kando kabisa soko lifanye kazi, nawauliza kama wangependa ada zirudi sekondari, zilizoondolewa 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Watoto wangapi wa wakulima wangekuwa darasani leo?

Karibuni. Hasa mliowahi kuwa madiwani au maafisa maendeleo ya jamii kwenye kata: mkiambiwa fungu la jirani tajiri lije kwenu, mna watu wa kulisimamia?