Mjadala: Sura ya mungu mwenye pembe isomwe darasani au irukwe?

Mzazi wa Donholm
Mwalimu wa binti yangu anawasomea wanafunzi The Wind in the Willows, kitabu cha Kiingereza cha hadithi ya wanyama, na juma hili wamefika sura ya saba, ambamo Panya wa Maji na Fuko wanamtafuta mtoto wa Fisi-maji aliyepotea, wakamkuta alfajiri kisiwani amelala katikati ya kwato za kiumbe mwenye pembe na filimbi, nao wakainamisha vichwa na kuabudu. Kiumbe huyo ni Pan, mungu wa Wagiriki wa kale. Mimi ni mtu wa kanisa, nami nauliza bila kumshutumu mwalimu: kwa nini sura hiyo isirukwe? Vitabu hivi vya enzi ya Malkia Victoria vimejaa mambo ya namna hiyo, na mtoto wa Nairobi ambaye hajawahi kuona mto safi hatapungukiwa na kitu.

Mwalimu Mstaafu
Malkia Victoria alifariki mwaka 1901. Kitabu kilitoka 1908, na mwandishi wake, Kenneth Grahame, alikuwa ofisa wa Benki Kuu ya Uingereza. Yapo matoleo yaliyoiacha sura hiyo, kwa hiyo si wewe wa kwanza kuiogopa. Kinachonishangaza ni kwamba katika kitabu hichohicho Chura anaiba gari na kutoroka jela amevaa nguo za dobi, wala hakuna mzazi aliyelalamika. Tena Pan huwafutia wanyama wale kumbukumbu ya kumwona. Mungu anayetaka asahaulike anatafuta waumini gani?

Dada wa Umoja
Mzee wa Donholm, hilo la mto limeniuma. Ni kweli kwamba watoto wetu wanaujua Mto Nairobi kwa harufu kabla ya kuuona, lakini sababu hiyo ndiyo ingetufanya tuwasomee zaidi. Marehemu Wangari Maathai ameandika kwamba mama yake alimkataza kuokota kuni za mgumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu, na kwamba kwenye kijito cha karibu alijaribu kuyainua mayai ya vyura, akidhani ni shanga za kuvaa shingoni, yakawa yanamkatikia mikononi. Baadaye mwenye shamba mpya aliukata mgumo ule ili apande chai, na kijito kikakauka. Sasa niambie, mama yule naye alikuwa mwabudu sanamu?

Mzazi wa Donholm
Dada, usinifundishe habari za mgumo. Babu yangu, kule Murang'a, aliomba chini yake uso ukielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, na hakuwahi kuuomba mti.

Mwalimu Mstaafu
Wala Fuko hakuuomba mto.

Msomaji wa Eastleigh
Ndugu zangu, mgumo umetumeza sote. Kwetu Waislamu, Surat An-Naml inamtaja sisimizi anayewaonya wenzake wasikanyagwe na jeshi la Nabii Sulaiman, na Nabii akatabasamu kwa maneno yake, wala hatujawahi kumwabudu sisimizi. Mnyama kusema, hata kumtukuza Mola wake, hakunisumbui. Kinachonisumbua ni Pan mwenyewe, kwa sababu yeye hakuwekwa pale kama ishara ya aliye juu yake, bali ndiye anayesujudiwa.

Dada wa Umoja
Hoja yako ina uzito, lakini Mzee bado hajaniambia kwa nini mgumo wa babu ni imani na kisiwa cha Panya ni upagani.

Mzazi wa Donholm
Kwa sababu babu alikuwepo kutueleza! Binti yangu alipouliza Pan ni nani, aliambiwa kwamba ni hadithi tu.

Dada wa Umoja
Nawe umewahi kumweleza habari za babu na mgumo wake, au tumeanza kuzisikia sisi kabla yake?