Je, "kituo" cha mwilini ni mahali hasa, au ni jina la kazi?

Mwanafunzi wa Uuguzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninasoma fiziolojia, na kila sura ninayoifungua inanitajia vituo: kituo cha upumuaji, kituo cha kutapika, kituo cha njaa na cha shibe, kituo cha joto la mwili, kituo cha lugha. Nikihamia sura ya mifupa ninakuta vituo vya uundaji wa mfupa, na katika sura ya kinga ninakuta vituo vya uchipuaji ndani ya tezi limfu. Jambo lililonifanya niandike ni kituo cha kutapika: kitabu kimoja kimekichora kama duara lenye mpaka ulio wazi, ilhali katika kitabu kingine duara hilo halipo kabisa. Naomba kuelezwa kama vituo hivi ni mahali ambapo mpasuaji angeweza kupaonyesha kwa ncha ya koleo, au kama ni namna tu ya kusema kwamba kazi fulani inasimamiwa kutoka upande fulani wa mwili.

Mkufunzi wa Fiziolojia

Swali lako ni zuri, na jibu lake halifanani kwa vituo vyote. Ili kulielewa, inafaa kujua jinsi majina haya yalivyopatikana. Kwa muda mrefu, njia kuu ya kuuchunguza ubongo ilikuwa kuharibu sehemu yake kisha kutazama ni kazi gani iliyokoma. Mfaransa Legallois, aliyechapisha kazi yake mwaka 1812, aliuondoa ubongo wa sungura kipande baada ya kipande kuanzia mbele kuelekea nyuma, akaona kwamba mnyama aliendelea kupumua mpaka alipofikia sehemu ndogo ya medula oblongata (sehemu ya chini kabisa ya ubongo, inayoungana na uti wa mgongo), karibu na pale inapochomoza neva ya vagasi. Hapo pumzi ilikatika. Ni rahisi kuona kwa nini waliomfuata walisema kwamba kituo cha upumuaji kimepatikana, na kwa kiasi kikubwa hawakukosea. Mwaka 1991 ilionyeshwa kwamba kipande chembamba cha medula ya panya mchanga, kikiwekwa katika chombo chenye maji ya chumvi na oksijeni, kinaendelea kutoa mapigo ya umeme yenye mpangilio kama wa pumzi, ingawa hakina mapafu wala kifua cha kukipulizia. Kundi la seli linaloanzisha mapigo hayo linaitwa changamano la pre-Bötzinger, nalo lipo pande zote mbili za medula. Hata hivyo halifanyi kazi peke yake: makundi mengine ya medula na ya ponsi (sehemu ya ubongo iliyo juu tu ya medula) hurekebisha urefu wa kila pumzi, na seli zinazohisi asidi inayotokana na ongezeko la hewa ukaa huliharakisha. Kwa hiyo hapa kuna mahali hasa, lakini mahali penyewe ni sehemu ya mtandao.

Kituo cha njaa ni habari nyingine, na ndicho ningependa ukitilie shaka zaidi. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson walionyesha kwamba panya walioharibiwa sehemu fulani ya haipothalamasi (sehemu ndogo kwenye kitako cha ubongo) walinenepa kupita kiasi, na mwaka 1951 Anand na Brobeck wakaonyesha kwamba kuharibu upande wa nje wa haipothalamasi kulimfanya panya aache kula kabisa. Picha iliyotokana na kazi hizo ilikuwa nyepesi mno kukaririwa: kituo cha shibe ndani, kituo cha njaa nje. Baadaye iligundulika kwamba panya walioacha kula walikuwa pia wazito kutembea na hawakujali vitu vingine vilivyowagusa, kwa sababu jeraha lilikuwa limekata nyuzi za neva zinazotumia dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwendo na ari), zinazopita tu mahali hapo zikielekea kwingine. Wengine, walipolishwa kwa mpira wa kupitishia chakula kwa muda, walirudia kula wenyewe. Kazi ikikoma baada ya jeraha, huenda umeharibu aliyeifanya, na huenda umekata tu njia inayopita mlangoni pake. Leo tunafuatilia seli zenyewe: katika kiini cha akuati, kundi dogo la seli ndani ya haipothalamasi, kuna aina moja ya seli ya neva inayochochea kula na nyingine inayozuia, zimechanganyika katika eneo lile lile, na zote mbili husikiliza homoni kama leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, ambayo hutoka katika mafuta ya mwili.

Sasa kuhusu michoro yako miwili. Katika kutapika kuna sehemu inayoonekana kweli, nayo ni eria postrema, iliyo kwenye sakafu ya chumba cha nne cha ubongo (nafasi yenye maji iliyo nyuma ya medula na ponsi). Kizuizi kati ya damu na ubongo ni hafifu hapo, na ndiyo maana seli zake hukutana moja kwa moja na sumu au dawa zilizomo ndani ya damu. Hiyo ni sehemu ya kuhisi. Kazi ya kuratibu kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), misuli ya tumbo, koo na mate ili vitende kwa zamu hufanywa na makundi ya seli yaliyotawanyika katika medula, na hayazungukwi na mpaka wowote. Aliyechora duara alichora kazi, na aliyeliacha alichora anatomia. Mimi ninamuunga mkono huyo wa pili.

Kituo cha lugha alichokieleza daktari Mfaransa Broca mwaka 1861 kina mkasa unaofanana: ubongo wa mgonjwa wake wa kwanza ulihifadhiwa, na ulipopigwa picha za sumaku zaidi ya karne moja baadaye, jeraha lilionekana kuzama ndani kuliko eneo lenye jina lake.

Mtaalamu wa Picha za Mionzi

Kwa upande wa mifupa, mdogo wangu, usiwe na shaka: vituo hivi huonekana kwa macho. Mifupa mingi ya mtoto huanza ikiwa gegedu, na gegedu haionekani kwenye picha ya eksirei. Kituo cha uundaji wa mfupa ni pale ambapo madini yanaanza kujikusanya ndani ya gegedu hiyo, na kwenye picha hutokea kama punje nyeupe isiyogusana na kitu. Vituo vya kwanza vya mifupa mirefu huanza katikati ya mfupa mtoto akiwa bado tumboni, mnamo wiki ya nane. Vituo vya pili huja kwenye ncha, vingi vyao baada ya kuzaliwa. Kile cha ncha ya chini ya fupa la paja huwa kimekwisha kutokea kwa watoto wengi waliotimiza miezi yao.

Naomba nikuonyeshe mahali ambapo elimu hii huokoa mkono wa mtoto. Kiwiko kina vituo sita, navyo hutokea kwa mpangilio unaojulikana: kapitela (upande wa nje wa ncha ya chini ya fupa la juu la mkono) kwanza, mnamo umri wa mwaka mmoja, kisha kichwa cha radiasi (mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba), kinundu cha ndani, troklea (upande wa ndani wa ncha ile ile), ncha ya alna (mfupa wa pili wa kigasha), na mwisho kinundu cha nje. Mtoto akianguka na kuvunjika, kinundu cha ndani kinaweza kung'olewa na misuli kikaingia ndani ya kiungo na kulala pale pale ambapo troklea ingekuwa. Asiyejua mpangilio atakiona kipande hicho na kukiita troklea, kisha atamruhusu mtoto kwenda nyumbani. Anayeujua atajiuliza: troklea imewezaje kutangulia, nami sikioni kinundu cha ndani mahali pake? Mimi kila picha ya kiwiko cha mtoto huisoma kwa kuvihesabu vituo kwanza, kabla ya kutafuta ufa, na ikinitatiza naomba picha ya mkono wa pili ili nilinganishe.

Kumbuka pia kwamba vituo hivi vina mwisho. Mtu akikomaa, ncha huungana na shina la mfupa na kituo hakipo tena. Ncha ya ndani ya mtulinga ni miongoni mwa za mwisho kuungana, baada ya umri wa miaka 20.

Fundi wa Maabara ya Patholojia

Niongeze machache kuhusu tezi limfu. Kituo cha uchipuaji huonekana vizuri chini ya hadubini kama duara lililopauka, limezungukwa na ukanda mweusi wa limfosaiti ndogo (seli nyeupe za kinga). Tezi ambayo haijachokozwa huwa na mafundo ya limfosaiti yasiyo na duara hilo. Duara huchipuka siku kadhaa baada ya vimelea au chanjo kufika, hudumu kwa majuma, kisha hufifia. Ndani yake seli B (limfosaiti zinazotengeneza kingamwili) hugawanyika kwa kasi, jeni zake za kingamwili hubadilika kidogo kidogo, na zile zinazomnasa adui vizuri zaidi ndizo zinazobakizwa. Nyingi kati ya nyingine hufa na kumezwa na makrofaji (seli zinazomeza mabaki), ambazo huonekana zimejaa mabaki meusi. Flemming, aliyevieleza vituo hivi miaka ya 1880, alidhani limfosaiti huzaliwa hapo. Ukweli ni kwamba huzaliwa kwingine na huja hapo kuchujwa.

Mwanafunzi wa Uuguzi

Ninawashukuru nyote, hasa kwa habari za kiwiko, ambazo sikuzikuta popote. Nina swali la nyongeza. Ikiwa kituo cha upumuaji kiko kwenye medula, kwa nini mtu aliyekatika uti wa mgongo juu shingoni hushindwa kupumua wakati ubongo wake ni mzima? Na kwa nini kibofu cha mtu wa namna hiyo baadaye hujikaza chenyewe, wakati hawezi kukiamuru?

Muuguzi wa Majeruhi wa Uti wa Mgongo

Kituo kinaendelea kutuma amri, ila amri hazifiki. Neva ya kiwambo hutoka kwenye uti wa mgongo usawa wa pingili za tatu hadi tano za shingo, na jeraha lililo juu ya hapo huitenga na medula. Kwa mgonjwa wa namna hii mashine ya kupumulia haisubiri uchunguzi wa pili.

Kibofu kinasimamiwa katika ngazi mbili. Sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, kwenye neva za sakrali (za eneo la chini kabisa la mgongo) ya pili hadi ya nne, huweza kukikaza kibofu kwa riflesi (mwitikio usiosubiri amri ya ubongo) peke yake. Ponsi, kwa kazi ambayo Barrington aliieleza mwaka 1925, huhakikisha kwamba kibofu kinapokaza, msuli wa mlangoni unalegea wakati huo huo. Uti ukikatika kati ya ngazi hizo, majuma kadhaa ya mwanzo kibofu hulala tu na kujaa. Baadaye riflesi inarudi bila msimamizi wake: kibofu kinakaza na mlango unakaza pamoja nacho, na shinikizo linarudi juu kwenye figo. Ndiyo maana tunawafundisha wagonjwa na ndugu zao kutoa mkojo kwa mpira (kateta) kwa saa maalumu, hata pale ambapo mkojo unavuja wenyewe na familia inadhani kibofu kimepona. Utakapoanza zamu zako wodini, mgonjwa kama huyo akilalamika ghafla kwa kichwa kuuma sana, anatoka jasho usoni na shinikizo la damu limepanda, mketishe wima, kisha kagua mpira wa mkojo kama umejikunja au umeziba kabla hujaenda kutafuta dawa.