Shahada ya uzamili ya filamu: la kuamua kabla ya kuondoka Mwanza

Ndugu wanajumuiya,

Nimesoma swali la mdogo wetu aliyehitimu mawasiliano ya umma pale SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino), Nyegezi, ambaye sasa anataka kuja nje kusomea filamu. Wengi mmemtajia vyuo. Mimi namwomba aweke majina ya vyuo pembeni kwanza, aamue kama anataka kutengeneza filamu au kuzichambua, kwa sababu muda, fedha na hata kazi atakayoipata baadaye vyote vinategemea uamuzi huo.

Anayetaka kuchambua hupimwa kwa maandishi yake. Uingereza shahada ya uzamili ya uchambuzi kwa kawaida ni ya mwaka mmoja, na Chevening, ufadhili wa serikali ya huko, unaitosha, ingawa hudai uwe umefanya kazi saa zisizopungua 2,800 na ukimaliza urudi nyumbani kwa angalau miaka 2. Marekani mtengenezaji huomba MFA, yaani shahada ya uzamili ya sanaa kwa vitendo, ambayo katika vyuo kama UCLA na NYU huchukua miaka 3 au zaidi, na shahada hiyo inatosha kumfungulia mlango wa kufundisha. Haile Gerima wa Ethiopia alisoma UCLA, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Howard kwa miaka mingi. Huku Ujerumani chuo cha filamu cha Babelsberg, Potsdam, ni cha serikali, na ada si mzigo. Mzigo ni akaunti iliyofungwa, yaani ya benki unayotoa fedha kidogo kidogo kila mwezi, ambayo tangu Septemba 2024 inatakiwa kuwa na yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kabla hujapewa viza, pamoja na Kijerumani, ambacho kozi nyingi hukihitaji.

Linaloniuma zaidi ni video tunazoambatisha kwenye maombi ya vyuo kama sampuli za kazi zetu. Vijana wetu hutuma video za harusi na picha za droni zinazozunguka jiwe la Bismarck, nzuri kweli, lakini hazimwonyeshi aliyezipiga. Mtu wa kwetu anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mwezi ukijaa mitumbwi hupumzika, kwa hiyo anajua ni siku zipi aende mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na kamera. Mpige filamu mama mmoja wa kisiwa cha Ukerewe anayeanika dagaa mchangani, anayewageuza huku akitupia macho mawingu yanayopanda kutoka ziwani, kwa sababu mvua ikiwakuta hapo wataharibika na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Dakika 8 za mama huyo, zenye sauti safi, zitakutetea mbele ya kamati yoyote.

Kumbuka pia kwamba ziwa letu limekwisha kupigwa filamu na wageni. Filamu ya mwongozaji Hubert Sauper wa Austria ya mwaka 2004 kuhusu sangara, iliyopigwa Mwanza, iliteuliwa kuwania Oscar na ikalalamikiwa sana nyumbani. Katika barua yako ya maombi eleza wewe ungeitazamaje biashara ileile, ukiwa mtoto wa mwaloni. Hilo lina uzito kuliko kuandika kwamba umeipenda sinema tangu utotoni.

*

Kaka, ahsante kwa maelezo hayo. Mimi naongeza la kibali. Mwanafunzi anayerudi kupiga filamu ya kuhitimu anahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania, na aombe mapema, kwani chuo hakitasogeza tarehe ya kukabidhi kwa ajili yake. Fomu za ridhaa ambazo vyuo hudai aziandike kwa Kiswahili na awasomee wahusika kwa sauti, maana si haki mvuvi aweke sahihi kwenye karatasi asiyoielewa.

Mdogo wangu, ukiwa na chochote ulichokwisha kupiga, hata kama hakijahaririwa, tutumie sasa tukitazame. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba na Desemba, na kuhariri upya huchukua muda kuliko watu wanavyodhani.