npm inakataa kusakinisha vifurushi vya jumla: kosa la EACCES kwenye /usr/local

Mkazi wa Nkuhungu (mwuliza swali)

Habari za jioni, wakuu. Naomba msaada katika jambo ambalo limenikwamisha tangu juzi. Ofisini kwetu hapa Dodoma tuna kompyuta moja yenye Ubuntu, na tunaoitumia ni wawili, mimi na mwenzangu ambaye ndiye aliyeiandaa tangu mwanzo. Nataka kusakinisha typescript (lugha ya kuandikia programu) kwa npm, programu inayosakinisha vifurushi vya Node.js, tena iwe ya jumla, yaani ipatikane kutoka saraka yoyote. Lakini kila ninapoandika

`npm install -g typescript`

ninarudishiwa kosa la EACCES, likinieleza kwamba sina ruhusa ya kuandika ndani ya `/usr/local/lib/node_modules`. Zamani mwenzangu aliisakinisha kwa kutanguliza `sudo` (amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi) na ikapita bila shida, lakini sasa yuko Kondoa kwa msiba, na nywila ya usimamizi anayo yeye. Nimejaribu mara tano, na kila jaribio linanilia bando. Je, ipo njia ya kufanya kazi hii bila kumsumbua mfiwa?

Mzee wa Terminali

Subiri arudi, kisha mwombe aendeshe `sudo chmod -R 777 /usr/local`. Mimi nilifanya hivyo na sijaona tatizo.

Fundi wa Mpwapwa

Mkuu hapo juu, kwa heshima zote, ushauri huo naupinga. Ndani ya `/usr/local/bin` mna programu zinazoendeshwa na kila mtumiaji, msimamizi mwenyewe akiwemo. Ukifungua saraka hiyo ili yeyote aandike humo, umempa yeyote uwezo wa kubadilisha programu ambayo kesho msimamizi ataiendesha kwa mamlaka yake yote. Kutoona tatizo hadi leo hakumaanishi kwamba mlango umefungwa.

Dada wa Nkuhungu (kama ni kaka, uniwie radhi), kompyuta yako haina hitilafu. Npm inaposakinisha kifurushi cha jumla kwenye Linux, huweka mafaili yake chini ya `lib/node_modules` na viungo vya amri chini ya `bin`, vyote vikianzia kwenye saraka moja inayoitwa `prefix`. Andika `npm config get prefix` na bila shaka utajibiwa `/usr/local`, ambayo ni mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta. Ni sawa na kupeleka magunia yako ya mahindi Kibaigwa na kuyaweka kwenye ghala la mtu mwingine: kila ukitaka kuingiza gunia, sharti umtafute mwenye ufunguo. Jenga ghala lako nyumbani:

`mkdir -p ~/.npm-global`
`npm config set prefix ~/.npm-global`

Amri ya pili huandika mstari mmoja katika faili la `~/.npmrc`, ambalo ni lako peke yako, kwa hiyo mipangilio ya mwenzako haiguswi. Baada ya hapo ongeza `~/.npm-global/bin` kwenye PATH (orodha ya saraka ambamo terminali hutafuta programu) kupitia `~/.bashrc`, funga terminali, uifungue upya, kisha usakinishe bila `sudo`. Kuhusu bando, ongeza `--prefer-offline` mwishoni mwa amri, na npm itatumia kwanza kile ambacho imekwisha kukihifadhi katika `~/.npm`, ikiuliza mtandaoni kwa kile tu kinachokosekana.

Mkazi wa Nkuhungu

Ni dada, wala hujakosea. Nakushukuru sana, fundi. Usakinishaji umekubali mara ya kwanza. Hata hivyo limezuka jingine. Nikiandika `npm ls -g` ninaona typescript ya toleo la 5 ndani ya saraka yangu mpya, lakini `tsc -v` (`tsc` ndiyo amri ya typescript) inanijibu 4.9.5, yaani lile la mwenzangu. Katika `~/.bashrc` niliandika hivi:

`export PATH="$PATH:$HOME/.npm-global/bin"`

Fundi wa Mpwapwa

Tatizo liko katika mstari huohuo, dada. Bash husoma saraka za PATH kutoka kushoto kwenda kulia na huendesha programu ya kwanza inayolingana na jina. Wewe umeiweka saraka yako mkiani, hivyo `/usr/local/bin` inafikiwa kabla yake, na humo bado imo `tsc` ya zamani. Geuza mpangilio:

`export PATH="$HOME/.npm-global/bin:$PATH"`

Fungua terminali mpya na uandike `type -a tsc`. Utaorodheshewa zote mbili, na ile ya juu ndiyo inayotumika.

Singida Kwetu

Naomba niongeze jambo ambalo lilinipotezea siku nzima. Niliweka `prefix` katika `~/.npmrc` kama alivyoeleza fundi, lakini `npm config get prefix` iliendelea kunipa jibu jingine. Kumbe palikuwa na kigeu cha mazingira kiitwacho `NPM_CONFIG_PREFIX`, na kwa npm kigeu cha mazingira kina nguvu kuliko faili la mtumiaji, ingawa kilichoandikwa kwenye amri yenyewe kinavishinda vyote viwili. Andika `env | grep -i npm_config` ili ujihakikishie. Aidha, iwapo siku moja utahamia nvm (programu ya kusimamia matoleo mbalimbali ya Node), ufute kwanza mstari huo kwa `npm config delete prefix`, kwa sababu nvm hutenga saraka ya vifurushi vya jumla kwa kila toleo la Node na haipatani na `prefix` iliyowekwa kwa mkono.

Na kwa maoni yangu, typescript haikupaswa kuwa ya jumla hata kidogo. Isakinishe ndani ya mradi kwa `npm install --save-dev typescript` na uiendeshe kwa `npx tsc`, ili kila mradi ubaki na toleo lake.

Mkazi wa Nkuhungu

Wakuu, imekubali. `type -a tsc` inaonyesha ya kwangu juu na ya `/usr/local/bin` chini yake, na `NPM_CONFIG_PREFIX` haipo kabisa. Miradi ya zamani nitaiacha ilivyo hadi mwenzangu arudi, kwa kuwa miwili kati yake inategemea 4.9.5, lakini ule mpya nimeuanza leo kwa `--save-dev`.