Siku nne Rioja: sinywi pombe, nguruwe sili. Nitakula nini?

Binti_Kisauni

Hamjambo jamani. Mimi ni nesi, nafanya kazi Stuttgart. Mkuu wetu wa wodi anatimiza miaka 50 mwishoni mwa Septemba na wenzangu wameamua twende sote saba Rioja, Uhispania, siku nne. Ndege mpaka Bilbao ishalipwa, vyumba vya Logroño vishalipwa. Ratiba nimeiona: asubuhi kiwanda cha mvinyo, mchana kiwanda cha mvinyo, jioni kuzunguka baa.

Mimi Muislamu, pombe sinywi na nguruwe sigusi. Kukataa nimeshindwa, maana mama huyu ndiye aliyenishika mkono nilipofika hapa sijui hata kuuliza choo kiko wapi. Nauliza mawili tu. Wenzangu wakiwa wanaonja, mimi nitakaa pale nafanya nini? Na chakula je? Kila picha ninayoiona ya huko, mapaja ya nguruwe yananing'inia darini kama mikungu ya ndizi.

Kasuku_Mweupe

Umejijibu mwenyewe dada. Waambie una zamu.

Mgogo_Bilbao

Kasuku, mtu kauliza atakula nini, hakuomba fatwa.

Dada, karibu sana. Niko Bilbao mwaka wa tisa, na Logroño ni kama saa mbili kwa basi, kwa hiyo kila vuli lazima nifike. Nimekulia Hombolo, Dodoma, mzee wangu analima zabibu mpaka leo. Mie huwa naenda kutazama mashamba kuliko chupa.

Ratiba hiyo waipunguze. Viwanda viwili kwa siku ni vingi hata kwa mnywaji. Cha pili wanaambiwa habari zile zile za mapipa na ulimi umeshakufa ganzi. Kimoja asubuhi kinatosha. Nafasi huwekwa mapema mtandaoni, na hapo hapo waandike "una persona no bebe alcohol", yaani mmoja wetu hanywi pombe. Mke wangu hanywi, na mara nyingi wamemwekea mosto, yaani maji ya zabibu ambayo hayajachachushwa. Hata kwenye baa yapo, unaletewa na barafu na zeituni. Kuhusu kukaa tu pale, usiwe na wasiwasi: mezani kuna ndoo ya kutemea, na watu wazima wanasukutua na kutema mbele ya wenzao. Asiyekunywa hatazamwi mara mbili.

Mkipata siku moja tu ya kutoka Logroño, nendeni Haro, mji mdogo wa mvinyo huko huko Rioja. Filoksera, kijidudu kinachoshambulia mizizi, ilipoangamiza mizabibu ya Ufaransa, wanunuzi wa huko walivuka mpaka kutafuta mvinyo Rioja, na kwa kuwa reli ya kwenda Bilbao ilipita Haro, viwanda vikajibanza palepale stesheni. López de Heredia ni ya 1877, CVNE 1879, La Rioja Alta 1890, na zote bado zipo. Kutoka moja kwenda nyingine ni hatua chache. Kwa López de Heredia utando wa buibui hawaufagii. Unaning'inia mweusi, mzito kama matambara, wanauacha makusudi kwa sababu buibui hula nondo wanaotoboa vizibo. Muga, kiwanda kingine cha hapo, nayo ina mafundi wake wa mapipa, na mvinyo wanausafisha kwa ute wa mayai mabichi. Hapo mimi nilikaa nikisikiliza nyundo mpaka kundi likaniacha.

Halafu ombeni mpitishwe shambani. Kuna mizabibu mizee isiyo na waya wala nguzo, kila mti umesimama peke yake, mfupi, umekunja vidole kama mkono wa bibi kizee. Septemba mwishoni mavuno huwa yamepamba moto, mtakutana na matrekta yamejaa zabibu.

Sasa tumbo. Logroño kuna Calle Laurel, kichochoro kifupi kimejaa baa, na baa nyingi zina kitu kimoja zinachosifika nacho. Unakula kimoja, unahamia nyingine, wima tu. Wenyewe wanaiita njia ya tembo, kwa kuwa "trompa" kwao ni mkonga na pia ni ulevi. Bar Soriano ni uyoga tu: vitatu vimepangwa mnara juu ya kipande cha mkate, kamba mdogo juu, mchuzi wa vitunguu saumu unachuruzika mpaka kiwiko. Mle hutapata shida. Omleti nene ya viazi ipo kila kona. Bacalao, samaki mkavu wa chumvi, atakukumbusha ng'onda, ila huyu ameungwa kwa nyanya na pilipili hoho nyekundu.

Hatari iko kwenye vyungu. Viazi vya kirioja, patatas a la riojana, vinapikwa na chorizo, soseji ya nguruwe, na maharage mekundu pia. Tena usiseme "sin carne", bila nyama. Mwaka wangu wa kwanza nilisema hivyo, nikaletewa saladi imenyunyiziwa jamón, lile paja la nguruwe lililokaushwa. Mhudumu akashangaa kweli kweli, kwake ile haikuwa nyama. Sema "sin cerdo, ni jamón ni chorizo", yaani bila nguruwe, wala jamón wala chorizo. Na ukiona "al vino" kwenye menyu, kimepikwa kwa mvinyo, ruka.

Mbavu za mwanakondoo, chuletillas, wanachoma kwa matawi makavu ya mzabibu yaliyokatwa wakati wa kupogoa. Moto unalipuka mrefu, wanasubiri ushuke uwe makaa, nyama inakaa dakika chache, chumvi ya mawe, basi. Lakini si ya kuchinjwa halali, hilo utaamua mwenyewe.

La mwisho: asiyekunywa hugeuzwa dereva. Angalia sana hapo.

Tufaha_Tanga

Niliwahi kupita Logroño kwa miguu, njia ya mahujaji wa Kikristo ya kwenda Santiago inakatiza mjini. Naongeza moja: saa kumi jioni ukiwa na njaa, jiko limefungwa. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku ni saa tatu. Beba tende kwenye pochi.

Binti_Kisauni

Ahsanteni nyote, nimerudi juzi. Kaka Mgogo, dereva nimekuwa! Siku ya tatu, kwenda Laguardia, mji wa kale wenye ukuta. Tumeacha gari nje ya ukuta, ndani magari hayapiti. Chini ya nyumba kote kumechimbwa mahandaki ya mvinyo. Wenzangu wakashuka, mimi nikakaa juu ukutani natazama milima na mizabibu, tende zangu mkononi (Tufaha, Mungu akuweke).

Mosto nilipewa kwenye glasi ile ile ya miguu mirefu, na mkuu wangu akagonganisha na yangu ya kwanza. Uyoga wa Soriano nimekula siku tatu kati ya nne, mpaka muuzaji akiniona mlangoni anainua vidole viwili, namjibu kwa kichwa. Mbavu sikula, lakini nilisimama pale motoni, ule moshi bado uko kwenye mtandio wangu.

Shambani mwenyeji alinichumia kichala kimoja cha Tempranillo, zabibu nyeusi za huko. Ndogo, ngozi ngumu, mbegu tupu, lakini tamu mpaka vidole viligandana. Za mzee wako Hombolo ziko hivyo?

Mgogo_Bilbao

Tamu, ndiyo. Ila Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Siku nilipompigia mzee simu kumwambia huku ni mara moja tu, alinyamaza kidogo, akauliza: sasa hiyo miezi mingine wanakula nini?