Nimemtii Mungu, kazi imeondoka. Mbona sina ile amani mnayoihubiri?

MkaaKwaNdoo
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na msiosali humu, habari za usiku.

Nilikuwa stookipa kwenye saiti ya ujenzi, miaka minne. Kazi yangu kuhesabu kinachoingia na kusaini. Wiki saba zilizopita lori la saruji liliingia usiku. Hati inasema mifuko 300. Nimehesabu mara mbili, iko 240. Msimamizi ananiambia saini tu, mingine inakuja kesho. Nikamjibu mzigo wa kesho nitausaini kesho. Akacheka, akatoa laki moja akaiweka juu ya daftari langu.

Niseme ukweli. Mwaka juzi nilishasaini moja ya namna hiyo. Sikulala wiki nzima, nikaenda kutubu, nikamwahidi Mungu sirudii. Kwa hiyo safari hii nilimrudishia hela yake. Ijumaa hiyo hiyo nikaambiwa nisirudi, na mshahara wa mwezi ule sijaupata mpaka leo.

Sasa nauza mkaa hapa nyumbani. Kodi ya miezi mitatu inaisha mwisho wa mwezi. Aliyechukua nafasi yangu ameshanunua pikipiki, anapita nayo hapa hapa. Mke wangu hasemi kitu, ananiwekea tu uji hauna sukari, anaondoka.

Swali langu: tunafundishwa ukiyafanya mapenzi ya Mungu utaridhika. Mimi nimeyafanya, na nina hasira. Mchungaji kaniomba nitoe ushuhuda Jumapili, nimekataa, maana ningesimama pale ningesema uongo. Je, utii wangu ni wa bandia? Au nilikurupuka?

Bwana Mipango
Mkuu pole, ila ulikurupuka. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mifuko 60 si yako, wala si ya baba yako. Ungesaini, ukatoa fungu la kumi, watoto wakanywa uji wenye sukari.

MkaaKwaNdoo
Hilo la fungu la kumi mwaka juzi nililitoa. Ndilo lililonikosesha usingizi zaidi.

Mjukuu wa Kamachumu
Bwana Mipango, kaa pembeni kidogo.

Ndugu, mimi nimelelewa na watu wa Uamsho, ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaingia kwetu Bukoba. Wale mtu akiokoka hakuishia kulia madhabahuni, alirudisha alichoiba. Babu yangu alikuwa mpima kahawa, na mizani yake ilikuwa na mkono. Alipookoka alizunguka nyumba kwa nyumba akilipa alichowapunja watu. Aliuza ng'ombe wake wote wawili. Wengine walimcheka, mmoja alipokea hela na kumtukana juu yake.

Sisi wajukuu tulihadithiwa kwamba alirudi nyumbani anaimba Tukutendereza, ule wimbo wa sifa wa watu wa Uamsho. Nilipokua bibi akanipa hadithi nzima. Jioni kwenye ushirika aliimba kweli, lakini akifika nyumbani alikuwa hasemi na mtu. Karibu mwaka mzima. Bibi alisema babu yako alitangulia yeye, moyo wake ukawa unamfuata nyuma unalia, kama mtoto anayekokotwa kutoka sokoni. Ulifika, lakini ulichelewa.

Sasa wewe wiki saba unataka moyo uwe umeshafika?

Msomaji wa Usiku
Mjukuu, hiyo ya mtoto wa sokoni nimeichukua.

Niongeze kitu ambacho wengi tunakiruka. Fungua Luka 22. Mstari wa 42 Yesu anasema si mapenzi yangu, bali yako yatendeke. Hapo sisi tungefunga kwa wimbo. Lakini mstari wa 44, baada ya kuwa ameshasema hayo, ndipo dhiki inazidi, anaomba zaidi, jasho linadondoka kama matone ya damu. Utii ulitangulia na uchungu ukapanda. Kama ule haukuwa wa bandia, wako kwa nini uwe?

Na Paulo, Wafilipi 4:11, hasemi nimezaliwa nimeridhika, wala nilishushiwa. Anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo", tena anaandika akiwa kifungoni. Ukisoma mpaka mstari wa 18 unakuta anawashukuru kwa vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Alikuwa radhi, na msaada akaupokea. Hakujifanya jiwe.

Ila nikuulize bila kukuudhi. Ile pikipiki umeitaja ya nini?

MkaaKwaNdoo
Inaniuma, ndiyo maana.

Msomaji wa Usiku
Inauma, hata Asafu kwenye Zaburi ya 73 aliona wivu akasema amejisafisha moyo bure. Lakini sikiliza unavyohesabu: mimi nimetii, yule hakutii, yeye kapata, mimi sijapata. Yule kaka mkubwa wa Luka 15 alihesabu hivyo hivyo. Miaka mingapi nimekutumikia, na mwana-mbuzi hujanipa! (Mbuzi wa Bwana Mipango tena.) Hakuwahi kuondoka nyumbani, lakini kumbe alikuwa anafanya kazi ya mkataba kwa baba yake. Wewe stookipa bado umeshika daftari: umeingiza utii, unasubiri Mungu asaini hati ya mapokezi. Mimi nadhani hasira yako iko hapo. Naweza kukosea.

MkaaKwaNdoo
Nimesoma mara tatu. Sijakujibu kwa sababu sina jibu.

Karani wa Zamani
Mnaomba, vizuri, lakini siku zinakwenda. Ndugu, kuridhika si kumwachia mtu mshahara wako. Nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30, hizo zimekupita, utahitaji kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa. Madai mengine kama ya mshahara ni siku 60. Wiki saba ni siku 49. Hesabu mwenyewe, wewe ndiye stookipa.

MkaaKwaNdoo
Kumbe. Nilidhani kudai ni kukosa imani.

Karani wa Zamani
Nani kakwambia?

Mama Wawili
Kaka shikamoo. Mimi mume wangu aliwahi kuacha kazi kwa sababu kama zako, na mimi pia nilimwekea uji nikaondoka. Sikuchukia kwamba alikataa rushwa. Nilichukia kwamba niliambiwa "kazi imeisha" na habari kamili nikaisikia kwa jirani. Shemeji yetu anajua yote? Na ile ya mwaka juzi anaijua?

MkaaKwaNdoo
Ya sasa anaijua nusu. Ya mwaka juzi hapana.

Mama Wawili
Ulitubu kwa mchungaji na humu umetueleza wote, yeye bado. Funga simu, nenda ukaongee naye.

MkaaKwaNdoo
*(siku mbili baadaye)*
Narudisha mrejesho.

Nimemwambia yote. Alinyamaza mpaka nikadhani kalala. Kisha akauliza ile laki ya mwaka juzi tulinunulia nini. Nikamwambia godoro hili. Akakaa kitako, akaliangalia, akasema kumbe ndiyo maana ile wiki ulikuwa unalala kwenye mkeka unasingizia joto. Tukacheka, wapendwa, sijui hata tulichokuwa tunacheka. Anataka tuliuze. Mimi nasema tungoje kodi ipite, hapo hatujaelewana.

Leo pikipiki imepita, nimeiangalia. Bado inauma, ila si sana.

CMA naenda Jumatatu asubuhi. Ushuhuda nimemwambia mchungaji bado.